Ubani na Robota la Nguo

Baada ya Wadachi kuutoka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, na Waingereza kuushika, uwanja ulioko magharibi ya Mnazi Mmoja ulifanywa kambi ya wapagazi wa vita, watu waliochukuliwa kutoka kila upande wa Afrika Mashariki kubeba risasi na unga nyuma ya askari, na ambao zaidi ya 40,000 kati yao hawakurejea makwao. Kambi ile iliacha jina la Kariakoo. Na vita vilipokwisha, waliobaki pamoja na wageni wa bara waliozidi kuingia mjini walijenga nyumba zao za udongo na makuti ubavuni mwa Wazaramo wenyeji, mpaka upande wa Ilala na Mchikichini, karibu na bonde la Msimbazi.

Mgeni katika mji kama ule alikuwa na hofu iliyopita hofu ya njaa, nayo ni kufa pasipo mtu wa kumzika. Dawa yake haikutafutwa Boma. Mnyamwezi na Mzaramo walikuwa watani tangu zama za misafara ya pembe, na mtani, hata akawa mgeni wa jana, ana haki na wajibu katika msiba. Tena juu ya utani vikaota vyama vya kabila na vya maziko, ambavyo kila mwanachama alitoa senti zake kwa mwezi ili siku yake itakapofika isikosekane sanda.

Jambo lenyewe huonekana vema matangani. Wanaume wamekaa barazani juu ya mikeka, na mmoja wao mwenye hati nzuri amepakata daftari. Kila aingiaye humpa mkono mfiwa, kisha humwendea mwandishi na ubani wake, naye huandika jina na kiasi, na aliyeleta kibaba cha mchele huandikiwa mchele. Daftari lile halitupwi. Hutiwa sandukuni, na siku jirani naye atakapofiwa hufunuliwa kutazama alitoa nini, maana kumpelekea pungufu ni aibu. Wako watakaosema kuwa sadaka yenye kuandikwa imekwisha kupoteza thawabu. Hukumu hiyo nawaachia masheikh. Ninaloliona mimi ni kwamba maskini wa mtaa ule hakuwahi kuwa mpokeaji tu, kwa kuwa jina lake limo daftarini pamoja na majina ya matajiri.

Kwa mazoea hayo hayo watu wa Kariakoo walijenga makubwa kuliko kaburi. African Association, iliyoundwa mwaka 1929, ilipata nyumba yake New Street kwa michango na nguvu za wanachama, na Al Jamiatul Islamiyya, iliyoanza mwaka 1933, ikasomesha watoto kwa fedha za Waislamu wenyewe. Ni katika nyumba ile ya New Street ambamo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilinena kweli lilipowaonya watu wasitumainie misaada na mikopo ya kigeni kuwa msingi wa maendeleo. Lakini serikali, ilipojitwika wajibu wote, ilifika mahali pa kuudai kwa nguvu: mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa mjini na kupelekwa mashambani, na kujitolea kukapoteza utamu wake.

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, sadaka ilirudi Mchikichini kwa sura nyingine. Mtu wa Ulaya hutoa shati lake kwa nia njema. Jumuiya ya hisani humwuzia mfanyabiashara kwa kilo. Mfanyabiashara hulifunga pamoja na mengine katika robota la kilo 45 au zaidi, likavuka bahari. Katika soko la Karume mchuuzi hununua robota lililofungwa bila kujua lililomo, akakata kamba huku moyo ukimwenda mbio, na wateja wake wamekwisha kumzunguka kungoja mashati ya juu. Yaliyobaki hunadiwa kwa fungu, na mabovu ni hasara yake. Simlaumu mtoaji, wala mchuuzi simlaumu, kwa kuwa ndiyo riziki yake. Ila sadaka iliyokwenda mbali bila ya jina na bila ya deni imegeuka bidhaa njiani, wala hakuna aliyestaajabu.

Januari 2022 soko lile liliungua, na vibanda vingi vikateketea pamoja na marobota. Aliyetoa shati hakuwa na njia ya kujua, na mwenye kibanda hakuwa na daftari la kumtafutia. Lakini mwenye kucheza upatu huwa ana mahali pa kuanzia: humwendea kijumbe wake, akamwomba zamu yake isogezwe mbele, na wenzake wakiridhia hupewa fedha ambazo huenda hajazichangia hata nusu, kisha huendelea kutoa kila juma mpaka duara limalizike.