Agostinho Neto: daktari mshairi ambaye chama chake kilikuwa na kambi Kongwa

Wazee wa Kongwa, hapa mkoani Dodoma, wanaikumbuka kambi ya wapigania uhuru ya miaka ya 1960. Wengi wetu huwataja FRELIMO na ANC, lakini MPLA ya Angola nayo ilikuwa na watu wake pale. Kiongozi wao, Agostinho Neto, alikuwa daktari na mshairi.

Alitokea wapi?

Alizaliwa tarehe 17 Septemba 1922 kijijini Kaxicane, karibu na Luanda. Baba yake alikuwa mchungaji wa Methodisti, mama yake mwalimu. Mwaka 1947 alikwenda Ureno kusomea udaktari. Alihitimu mwaka 1958, kwani polisi wa siri walimfunga zaidi ya mara moja.

Aliandika nini?

Aliandika kwa Kireno, mara nyingine akiwa gerezani. Mashairi yake yanawataja akina mama wanaoagana na watoto wao, vibarua wanaopelekwa mashambani kwa nguvu, na watu wa mitaa ya maskini ya Luanda. Hao ndio aliokuja kuwatibu.

Kwa nini alikamatwa?

Mwaka 1959 alirudi Luanda, akafungua zahanati huku akifanya siasa kwa siri. Juni 1960 alikamatwa humo humo zahanatini. Watu wa kwao waliandamana wakidai daktari wao aachiwe. Askari waliwapiga risasi: watu wapatao 30 walikufa na 200 walijeruhiwa. Neto alipelekwa Cape Verde, kisha Ureno, akatoroka mwaka 1962.

Tanzania inahusikaje?

Februari 1974 alihutubia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akieleza kwamba adui ni ukoloni, si rangi ya mtu. Mwaka huohuo Tanzania Publishing House ilichapa mashairi yake kwa Kiingereza, Angola ikiwa bado haijapata uhuru.

Alitawala vipi?

Tarehe 11 Novemba 1975 akawa rais wa kwanza wa Angola. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 27 Mei 1977, serikali yake iliua maelfu ya watu, wengi bila kufikishwa mahakamani. Alifariki Moscow tarehe 10 Septemba 1979.

Leo siku yake ya kuzaliwa ni sikukuu ya taifa Angola. Lakini mwaka 2021 Rais João Lourenço aliziomba radhi familia za waliouawa. Yote mawili ni historia ya daktari huyo.