Barrett na umio alioudhania tumbo

Mwaka 1950 Norman Barrett, daktari wa upasuaji katika hospitali ya St Thomas' jijini London, aliandika kwamba mrija unaokutwa kifuani mwa baadhi ya wagonjwa, wenye utando mwekundu wa aina ya tumbo, si umio hata kidogo. Ni tumbo, alishikilia, lililovutwa juu kwa kuwa mgonjwa amezaliwa na umio mfupi.

Hakuwa mtu wa kubezwa. Mzaliwa huyo wa Adelaide, Australia, mwaka 1947 alishona umio uliopasuka na mgonjwa akapona, kazi iliyowashinda madaktari tangu ugonjwa huo ulipoelezwa mwaka 1724.

Mwaka 1953 Philip Allison na Alan Johnstone wa Leeds wakampinga. Waliupasua mrija wenyewe na kuuchunguza: kwa nje haukuwa na ule utando laini unaolifunika tumbo, misuli yake ilikuwa ya umio, na ndani mlibaki mabaka ya utando halisi wa umio. Makala yao ilitoka katika jarida la Thorax, ambalo mhariri wake alikuwa nani kama si Barrett! Nao vidonda vya humo wakaviita vya Barrett. Mwaka 1957 akakubali hoja yao, ingawa bado alidhani ni hali ya kuzaliwa nayo.

Hilo nalo likaanguka mwaka 1970. Watafiti walibandua utando wa chini wa umio wa mbwa. Mbwa waliokuwa wakipandwa na asidi wakaota utando wa aina ile ile. Kumbe chanzo ni kiungulia cha muda mrefu.

Leo mwenye hali hii hupewa dawa za kupunguza asidi, kama omeprazoli, na kila baada ya miaka kadhaa hupitishiwa mpira wenye kamera na kukatwa vinyama vya kupimwa kama kuna saratani. Wanaopata saratani hawafiki mmoja kati ya 100 kwa mwaka. Seli zikianza kuharibika, utando huunguzwa kwa mpira huo huo, bila kuondoa umio mzima. Huko Cambridge, kundi la Rebecca Fitzgerald limebuni kidonge chenye uzi: unakimeza, kinayeyuka tumboni na kuachia sifongo, kisha muuguzi anaivuta ikiwa imezoa seli.

Afrika Mashariki saratani ya umio ipo kwa wingi, ila iliyotawala huanzia kwenye utando wa kawaida. Kwa hiyo anayekwamwa na chakula asingoje kiungulia ndipo aende hospitali.