Chai ya Tukuyu na mkopo wa Benki ya Dunia

Mjadala wa misaada ukianza kwenye chumba chetu cha habari, wenzangu hugawanyika. Wapo wanaosema Benki ya Dunia ndiyo iliyotufukarisha, na wapo wanaosema bila yenyewe tusingekuwa na lolote. Mimi huwaambia waende Tukuyu wakaangalie chai.

Wajerumani waliipanda Kyimbila, wilayani Rungwe, mwaka 1904, na kwa miaka mingi ikabaki zao la mashamba ya walowezi. Baada ya Uhuru serikali ilitaka mkulima mdogo naye apande. Ikaunda Mamlaka ya Chai mwaka 1968, na mwaka 1972 Benki ya Dunia ikakubali kutoa mkopo nafuu wa dola milioni 10.8 kwa chai ya wakulima wadogo. Mkopo jamani, si zawadi!

Sasa, jani bichi la chai halina subira. Likichumwa asubuhi linatakiwa lifike kiwandani siku hiyohiyo, la sivyo linaharibika ndani ya gunia. Na Tukuyu mvua ndiyo kwao, barabara za vijijini ni tope tupu. Kwa hiyo mche peke yake haukutosha. Mkulima alitegemea lori la Mamlaka, mizani ya Mamlaka na malipo ya Mamlaka. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, malori yakakosa vipuri, malipo yakachelewa, na wengi wakaacha chai yao igeuke pori.

Mwaka 1986 tukasaini masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Benki ileile iliyokopesha ili dola iendeshe chai ikawa miongoni mwa waliotaka dola ijitoe. Mara zote mbili sidhani kama kuna aliyemuuliza mkulima wa Katumba. Sheria ya mwaka 1997 ikaivunja Mamlaka, na kiwanda cha Katumba kikaenda kwa kampuni ya Wakulima Tea, ambamo chama cha wakulima wa Rungwe kilipata hisa za upande mdogo. Baadaye ikaja nembo ya Fairtrade: mnunuzi anaongeza fedha juu ya bei, na wakulima wenyewe wanaamua kwa kura zifanye nini.

Hisa zile ni chache, nakubali. Lakini mwenye hisa anaweza kudai kuonyeshwa hesabu za kiwanda. Enzi za Mamlaka, mkulima alipewa stakabadhi ya kilo zake akaambiwa asubiri.