Segera hadi Tanga: Mji unaotega vitendawili kwa mtembea kwa miguu

ABIRIA wengi waendao Moshi na Arusha huifahamu Segera kwa dakika chache tu. Basi husimama, watu hujinyoosha, wachuuzi husogea madirishani, kisha dereva hupiga honi na safari huendelea kuelekea Korogwe. Ni wachache wanaokumbuka kwamba katika njia panda hiyo ya Wilaya ya Handeni kuna barabara nyingine inayokata kwenda mashariki, ikipita Hale na Muheza, na kwamba baada ya kilomita zipatazo 70 humfikisha msafiri katika mji unaofaa kuliko mingi nchini kwa mtu apendaye kutembea peke yake huku akifumbua mafumbo.

Barani Ulaya matembezi ya namna hiyo yamekuwa biashara. Mgeni hununua kijitabu, au hupakua programu katika simu yake, na badala ya kumfuata mwongozaji hupewa maswali. Jibu haliwezi kupatikana ila kwa kusimama mahali penyewe na kutazama: tarakimu iliyochongwa juu ya mlango, mnyama aliye kwenye nembo, jina lililokosekana katika orodha ya wafu. Jibu hilo ndilo humwelekeza kituo kinachofuata. Mjini Hannover, Ujerumani, mstari mwekundu uliopakwa ardhini wenye urefu wa kilomita 4.2 humpitisha mtembeaji katika vivutio 36, naye hujisomea habari zake katika kijitabu. Mjini Wrocław, Poland, watu huzunguka mitaani wakisaka sanamu ndogo za vibwengo wa shaba, ambazo ya kwanza iliwekwa mwaka 2001. Mchezo wenyewe ni mkongwe. Mwaka 1854 huko Dartmoor, Uingereza, James Perrott aliacha chupa katika eneo la Cranmere Pool ili wanaofika hapo waache kadi zao ndani yake, na kutoka hapo ukazaliwa utamaduni wa kusaka visanduku vilivyofichwa kwa kufuata vidokezo.

Mswahili si mgeni wa jambo hili. Katika kitendawili, anayeshindwa huambiwa atoe mji. Tanga mji wenyewe ndio unaotega.

Mahali pazuri pa kuanzia ni stesheni ya reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Usambara kutoka Tanga mwaka 1893, wakaipitisha Korogwe, na mwaka 1911 ikafika Moshi. Mtembeaji anayetaka kuonja mchezo na achukue mwaka huo wa mwisho, ajumlishe tarakimu zake nne, apate 12, kisha atafute barabara yenye namba hiyo. Ataipata Ngamiani, kwa kuwa mitaa ya huko ilinyooshwa kama mistari ya daftari na barabara zake hujulikana kwa namba. Mgeni aliyekwisha kuzoea majina ya watu mashuhuri kwenye vibao vya mitaa hushangaa kidogo, lakini hapotei. Akiwa huko anaweza pia kuuliza kwa nini mtaa uitwe Ngamiani katika mji usio na ngamia. Hilo jibu halimo katika kibao chochote. Huulizwa kwa wazee walioketi barazani, baada ya salamu zinazostahili.

Akirudi upande wa bandari, atakutana na mnara wa saa, Boma la zamani lililofanywa makumbusho, na shule kongwe ya Tanga. Shule hiyo, iliyoanza mwaka 1892, ilikuwa ya kwanza ya serikali katika koloni la Wajerumani. Humo walifundishwa makarani na walimu waliosambaza utawala na maandishi ya Kiswahili hadi bara, na humo ndimo lilimochapwa gazeti la Kiongozi mwanzoni mwa karne ya 20. Msomaji wa magazeti ana haki ya kusimama hapo muda mrefu zaidi.

Fumbo lililo tamu kuliko yote, hata hivyo, liko mashariki, katika njia iendayo Bombo na Ras Kasone. Swali lake laweza kuwa hili: ni jeshi gani lililopigana pande zote mbili bila kuwa na bendera? Jibu ni nyuki. Novemba 1914 Jenerali Arthur Aitken aliteremsha Ras Kasone kikosi cha watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, ili kuuteka mji. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000 tu, lakini walikuwa na reli. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwaleta askari kwa treni kutoka upande wa Moshi, na usiku wa kuamkia Novemba 4 yeye mwenyewe alipanda baiskeli kwenda kuwachungulia maadui. Wakazi wa Tanga, ambao baiskeli kwao ni kama viatu, hawataona ajabu. Kesho yake mapigano yaliwavuruga nyuki waliokuwa mitini, wakawashambulia wapiganaji bila kubagua, na Waingereza wakarudi merikebuni wakiacha silaha nyingi ufukweni. Baadaye ulienea uvumi kwamba nyuki hao walitegwa na Wajerumani.

Anayeifuata njia hiyo na atazame mahali reli inapopita katika mtaro uliochimbwa, kwani hapo ndipo mashambulizi yalipokwama. Kisha atembelee makaburi ya vita na kusoma majina. Ni vyema ajiulize ni majina ya nani yaliyoandikwa, na ni ya nani yasiyoandikwa. Wapagazi wengi waliobeba mizigo ya vita vile hawana mawe ya kaburi yenye majina yao.

Kutoka ufukweni huonekana kisiwa kidogo kiitwacho Toten. Jina hilo ni la Kijerumani na maana yake ni wafu. Kisiwani kuna magofu ya misikiti na makaburi ya Waswahili yaliyotangulia meli ya kwanza ya Kijerumani, ila jina lililobaki katika ramani ni la waliokuja mwisho.

Tatizo ni kwamba vidokezo vya fumbo hili vinafutika. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Magofu ya Tongoni, kusini mwa mji, yana kinga hiyo. Majengo ya Tanga ya enzi ya Wajerumani hayana, kwa sababu yote ni ya baada ya hapo, na kila moja huhitaji kutangazwa na waziri mwenye dhamana. Jengo lisilotangazwa likivuja paa, mwenye nalo huweza kuona ni nafuu kulibomoa, na nondo za ghorofa jipya hazina swali la kumwuliza mtembeaji. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tanga haina ngao ya namna hiyo.

Kwa anayekusudia kujaribu, inafaa kuanza alfajiri, maana joto la pwani halina huruma ikifika saa tano. Maji ya kunywa, kofia, daftari na kalamu vinatosha. Bandarini, stesheni na katika ofisi za serikali ni lazima kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Mzunguko kutoka stesheni hadi Ras Kasone kupitia Ngamiani humalizika kwa asubuhi moja, na alasiri msafiri huweza kupanda basi la kurudi Segera, akaunganisha na la Dar es Salaam au la Moshi.