Santuri za Miaka ya Azimio: Funzo kutoka Rungwe

Historia ya nchi yetu katika miaka ya 1967 hadi 1970 imeandikwa katika hotuba, katika maazimio ya mikutano na katika sheria za Bunge. Makada wameisoma huko, na sisi wakufunzi tumewafundisha kutoka huko huko. Lakini historia hiyo iliandikwa pia mahali ambapo vyuo vyetu havikupatazama, nako ni katika mifereji ya santuri. Makala hii inakusudia kueleza jambo moja. Taifa lililotangaza kwamba njia kuu za uchumi ni mali ya wakulima na wafanyakazi lilikuwa na nyimbo zake na lilikuwa na redio yake, lakini halikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri zake. Upungufu huo ni sababu mojawapo inayofanya kumbukumbu zetu za miaka ile ziwe leo katika masanduku ya watu binafsi na katika makabati ya wakusanyaji wa ng'ambo.

Sanduku la bati

Tulifika Tukuyu kuendesha semina ya makatibu wa matawi. Baada ya somo la Azimio la Arusha alitufuata mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akatuambia: "Wanangu, mmesema vizuri. Lakini mnalifundisha Azimio kama watu waliolisoma tu. Njoni nyumbani mlisikie." Sisi tumezaliwa wakati TANU na ASP zimekwisha kuungana. Hatukuwa na la kujibu, tukamfuata.

Nyumba yake iko kati ya migomba na mashamba ya chai, upande wa kuelekea mlima Rungwe. Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la bati, na ndani yake, zikiwa zimesimamishwa wima na kufungwa katika blanketi, santuri zaidi ya mia moja. Mzee alizitoa moja moja, akizishika kwa ukingo kama mtu anayeshika sahani ya moto. Alitufundisha kwamba santuri husomwa kabla ya kusikilizwa. Kwanza msomaji huangalia karatasi ya katikati: jina la bendi, jina la kampuni, mji. Kisha huiinamisha kwenye mwanga na kutazama pale mifereji inapokwisha, ambapo pana namba zilizokwaruzwa. Hizo ni namba za bamba la chuma lililoigandamiza, na kwa namba hizo mkusanyaji hutambua santuri ilichapwa kutoka bamba gani.

Tukaanza kusoma. Ndipo tulipoona kwamba sanduku lile lilikuwa limepangwa kwa tabaka, na kila tabaka ni hatua ya historia ya uchumi wetu.

Tabaka la chini: migodi

Chini kabisa zilikuwa santuri nzito za mizunguko 78 kwa dakika, za aina inayovunjika kama kigae. Zilikuwa za baba yake, aliyekwenda kuchimba shaba Mufulira. Wakati wa ukoloni, vijana wengi wa Kinyakyusa walivuka mpaka kwenda kuuza nguvu zao katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Waliorudi walileta mablanketi, baiskeli, na wachache wao gramofoni ya kuzungusha kwa mkono. Kwa hiyo santuri iliingia katika nyumba ile ikiwa sehemu ya ujira wa kibarua. Baada ya Uhuru, Serikali ya Tanganyika ilisimamisha upelekaji wa vibarua katika migodi ya makaburu.

Katika tabaka hili limo funzo la kwanza la unyonyaji. Mwaka 1939 Solomon Linda, mwimbaji Mzulu, alirekodi wimbo "Mbube" katika kampuni ya Gallo mjini Johannesburg. Wimbo huo ulizunguka dunia kwa majina mengine na kuwatajirisha watu wengine. Linda alikufa maskini mwaka 1962, na jamaa zake walipata suluhu ya madai yao mwaka 2006 tu. Sauti ilikuwa yake, lakini mashine na mkataba vilikuwa vya tajiri.

Tabaka la kati: nyimbo zetu, mashine za wengine

Juu ya hizo zilikuwa santuri ndogo za plastiki, za mizunguko 45, nyingi za nusu ya pili ya miaka ya sitini. Hapa mzee alitabasamu. Walikuwamo NUTA Jazz na mtindo wao wa msondo, Western Jazz na saboso, Atomic Jazz ya Tanga na kiweka, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, bendi iliyoiwakilisha nchi yetu katika maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Upande mmoja wa santuri hiyo hauzidi sana dakika tatu au nne. Ndiyo maana nyimbo nyingi zilikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Wachezaji walilazimika kusimama na kusubiri mtu aigeuze.

Hatuna budi kuitambua hatua kubwa iliyokuwamo. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya chama, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Polisi na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Mwaka 1965 redio ikawa ya Serikali, ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na bendi zikarekodi kwenye tepu katika studio zake. Azimio lilipotangazwa Februari 1967, muziki wa dansi ulilibeba hadi vijiji ambavyo gazeti lilikuwa halifiki.

Lakini geuza santuri usome karatasi. Mji ulioandikwa ni Nairobi, au Mombasa. Katika Mombasa kampuni ya Assanand & Sons ilitoa santuri zenye nembo ya Mzuri, na Nairobi ndiko zilikokuwa studio za biashara na mashine za kugandamizia santuri. Wimbo wa kusifu kujitegemea ulitungwa Dar es Salaam au Morogoro, ukachapwa Kenya, kisha ukarudi kwetu kuuzwa dukani kama bidhaa ya kutoka nje. Katika biashara ile mwanamuziki mara nyingi alilipwa fedha za mkupuo, basi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wanamuziki wetu walicheza kwao wakatunzwa kwa makofi. Faida ya santuri ilikwenda kwa mwenye mashine na mwenye duka.

Tabaka la juu: santuri ndefu

Juu kabisa zilikuwa santuri chache kubwa za mizunguko 33, ambazo wenyewe waliziita elipii. Karibu zote ni za kigeni: Jim Reeves, James Brown, na ile ya Miriam Makeba na Harry Belafonte ya mwaka 1965, ambayo ndani yake umo wimbo "Malaika" wa Afrika Mashariki. Bendi zetu zilitolewa zaidi katika santuri ndogo. Santuri ndefu ilikuwa kitu cha mwenye mshahara, na mzee aliinunua moja moja kwa kujinyima.

Hapa tunapaswa kujikosoa. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akawakemea wasomi wanaojua dansi za Ulaya na kuzionea haya ngoma za kwao. Kemeo hilo lilikuwa la haki. Lakini mwishoni mwa mwaka 1969, baada ya Operesheni Vijana, muziki wa soul ulipigwa marufuku katika Dar es Salaam. Mzee alipozisikia habari hizo redioni alimficha James Brown chini ya gunia la mbegu za viazi. Hakuna aliyekuja kumtafuta. "Nilikuwa mwanachama mwaminifu," alituambia, "na ndiyo sababu niliogopa." Kukataza santuri ya mgeni ni kazi ya siku moja. Kujenga mahali pa kuchapa yako ni kazi ya miaka, na hiyo hatukuimaliza. Tanzania Film Company iliundwa mwaka 1968 na baadaye ikapewa na jukumu la santuri, lakini mpango wa kiwanda cha santuri nchini haukufikia mwisho. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa Februari 1977, Jumuiya ikiwa inavunjika, njia ya Nairobi nayo ilizibwa hadi mwaka 1983.

Je, palikuwa na njia nyingine?

Tuitazame Guinea. Chama cha Sékou Touré kiligharimia bendi za taifa, na mwishoni mwa miaka ya sitini Serikali ikaanzisha kampuni yake ya santuri, Syliphone. Mwaka 1969 Bembeya Jazz ilitoa santuri ndefu nzima inayosimulia maisha ya Samory Touré, aliyepigana na Wafaransa. Hata hivyo santuri za Syliphone zilichapwa Ufaransa, nchi ile ile ambayo Guinea iliikatalia mwaka 1958. Kwa hiyo Guinea nayo ilikwama kwenye mashine. Tofauti ni kwamba kwa kuwa na kampuni ya taifa, walipanga, waliorodhesha na walihifadhi. Na karne hii tepu za redio ya Conakry ziliokolewa kwa msaada wa mpango wa British Library. Funzo ni kwamba hata asiyemiliki kiwanda anaweza kumiliki orodha.

Wajibu wetu

Tepu za Radio Tanzania ziko Dar es Salaam, chini ya TBC, na ni hazina. Lakini hazitoshi, kwa sababu tepu haionyeshi kilichofika kijijini. Sanduku la Tukuyu linaonyesha wananchi walichokinunua, walichokificha na walichokichezea mpaka mifereji ikalika. Na sanduku hilo liko hatarini. Mvua ya Rungwe, ambayo mahali pengine hupita milimita 2,000 kwa mwaka, imekwisha kutia ukungu majalada. Mnunuzi mmoja kutoka nje amekwisha kutaja bei ya tabaka la kati peke yake, na watoto wa mzee, ambao wana ada za kulipa, wanamshauri auze. Hatuwezi kuwalaumu. Asiyelipa chochote hana haki ya kumlaumu anayeuza.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila wilaya iorodheshe santuri zilizomo mikononi mwa watu, bila kumnyang'anya mtu hata moja: jina, kampuni, mji, namba ya bamba. Pili, zinakiliwe kwa vyombo vya kisasa, mwenye sanduku apewe hati na malipo, na haki za watunzi na warithi wao zilindwe kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Tatu, wakufunzi wa itikadi waingize nyimbo hizo katika masomo, pamoja na swali la nani alimiliki mashine.

Sisi tumeanza na hilo la kwanza. Tulikaa siku mbili kwa mzee yule tukiandika katika daftari, yeye akisoma namba kwenye mwanga wa dirisha, sisi tukiandika. Tulipoaga tulimwambia, "Ndaga fijo, tata." Akatujibu kwamba shukrani ameipokea, ila daftari lirudi na mhuri. Ameahidi hatauza mpaka alione. Ahadi hiyo ni deni juu yetu, na limekwisha kuanza kuhesabiwa.