Msamaha wa Mtawala na Mpaka Wake

Mwishoni mwa mwaka 23 Hijria, yaani 644 Miladia, Khalifa Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, alichomwa jambia akisalisha sala ya alfajiri mjini Madina. Aliyemchoma ni Abu Lulua, mtumwa wa Kiajemi. Ikasemwa kuwa mtu huyo alionekana akinong'onezana na Hurmuzan, jemadari wa Kiajemi aliyekwisha kusilimu. Basi Ubaidullahi, mwana wa Umar, hakungoja kadhi wala mashahidi. Alitwaa upanga, akamwua Hurmuzan, na Mkristo aitwaye Jufaina, na binti wa Abu Lulua.

Uthman bin Affan aliposhika ukhalifa, shauri hilo lilikuwa la kwanza kumkabili. Aliwaita masahaba awasikilize. Sayyidna Ali alishika kwamba muuaji na auawe. Wengine waliona uzito: jana ameuawa baba, leo auawe mwana? Uthman hakudai kuwa mwana wa khalifa yu juu ya sheria. Alisema kuwa asiye na jamaa, walii wake ni mtawala. Naye kwa uwalii huo akageuza kisasi kuwa dia, akaitoa katika mali yake mwenyewe, wala si katika Baitulmali.

Iko riwaya nyingine, kwamba Hurmuzan alikuwa na mwana, naye akapewa khiari, akasamehe. Riwaya zinahitilafiana, lakini zote mbili zinakutana mahali pamoja: haki ya kusamehe damu huanza kwa jamaa wa aliyeuawa. Mtawala husimama mahali pao wasipokuwapo, hawapokonyi.

Hata hivyo msamaha ule haukuziridhisha nyoyo zote. Ali aliposhika ukhalifa mwaka 35 Hijria, Ubaidullahi alikimbilia Sham kwa Muawiya, akauawa katika vita vya Siffin mwaka 37.

Nchini Uganda, Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 121, humpa Rais uwezo wa kumsamehe aliyehukumiwa, lakini kwa ushauri wa kamati ya Mwanasheria Mkuu na raia sita. Zama ni mbali, lakini maana ni karibu. Huruma ni sifa njema kwa mwenye enzi, ila asiwe mkarimu kwa haki ya mwingine. Kabla ya kumfungulia mkosaji mlango, na aulizwe kwanza aliyefiwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.