Mzigo wa Msaada: Historia ya Ununuzi Ujiji na Kigoma

Bidhaa ya msaada inayofika Kigoma hupita mikononi mwa watu wengi: anayeiagiza, anayeiuza, anayeisafirisha, anayeipokea na yule inayemlenga. Taratibu za ununuzi za mashirika ya kimataifa zimewekwa ili kila mmoja wao aweze kuulizwa mzigo ulipo. Ufukoni mwa Ziwa Tanganyika swali hilo liliulizwa kabla mashirika hayo hayajakuwapo.

Katika karne ya 19, Ujiji, ambao leo umeungana na mji wa Kigoma, ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora. Msafiri aliyetaka kuishi huko alilazimika kununua mahitaji Unguja kwanza: nguo za merikani na kaniki, shanga, na masango, yaani waya za shaba. Ilimpasa pia kujua kila soko linataka nini. Shanga zilizopendwa njiani zingeweza kukataliwa Ujiji, ambako shanga za sofi zilitumika sokoni kama fedha. Aliyekosea kuchagua aliwabebesha wapagazi mzigo usionunua hata samaki.

Kisa cha mmisionari na msafiri David Livingstone kinaonyesha udhaifu wa mfumo huo. Mahitaji yake yalinunuliwa na kutumwa kutoka Unguja kwa usimamizi wa John Kirk wa ubalozi wa Uingereza. Mwaka 1869 alifika Ujiji akakuta sehemu kubwa ya mzigo wake imeibwa. Oktoba 1871 alirudi kutoka Manyema, magharibi ya ziwa, mgonjwa na amechoka, akakuta Sherifu, mtu aliyekabidhiwa shehena nyingine, ameiuza yote ili apate pembe za ndovu, akiamini kwamba mwenye mzigo amekufa. Kwa maelezo ya Livingstone, katika yadi 3,000 za nguo na ratili 700 za shanga, yaani frasila 20, hakikubaki kitu. Fedha zilikuwa zimetoka na bidhaa zimenunuliwa, lakini Ujiji hapakuwa na mtu wa kuzihesabu, kuzitia ghalani na kutoa taarifa Unguja. Muda mfupi baadaye alifika mwandishi wa habari Henry Morton Stanley akiwa na vitu vyake mwenyewe, na hivyo ndivyo vilivyomwokoa mzee huyo.

Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, shehena zilihama kutoka mabegani mwa wapagazi na kupanda mabehewa. Meli ya Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000, kisha ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Ununuzi mkubwa wa misaada ulikuja na wakimbizi. Warundi walivuka mpaka kwa wingi mwaka 1972 na tena mwaka 1993; Wakongo walifuata mwaka 1996, na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ikafunguliwa mwaka huohuo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) yalihitaji kwa wakati mmoja mahindi, maharage, mafuta, blanketi, sufuria, madumu na maturubai. Kwa vitu vya aina hiyo UNHCR huweka vipimo vinavyofanana duniani kote. Turubai, kwa mfano, lina mita 4 kwa 5, ili lililoagizwa Asia na lililotoka ghala la Nairobi yafunike kibanda kilekile.

Taratibu zenyewe zinafuata misingi inayotambulika katika Umoja wa Mataifa: thamani bora kwa fedha iliyotumika, haki na uwazi, ushindani wa kimataifa, na maslahi ya shirika. Kwa manunuzi madogo, wafanyabiashara kadhaa huombwa bei. Kwa makubwa hutangazwa zabuni. Ubora hupimwa kwanza, kisha bei hulinganishwa, na anayependekeza mshindi hawi yuleyule anayeidhinisha mkataba. Mzigo ukifika, mtunza stoo huhesabu magunia, huyapima, huandika yaliyochanika au kulowa, na kusaini hati ya kupokelea. Kwa kawaida muuzaji hulipwa baada ya hapo. Saini hiyo ndiyo iliyokosekana Ujiji mwaka 1871.

Huduma nazo hununuliwa: malori, ulinzi, uchimbaji wa visima, usafiri wa majini. Mwaka 1997 Liemba ilitumika kuwarudisha Wakongo kwao kupitia bandari ya Uvira. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia kwao walikwama Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na maji, na kipindupindu kikazuka. Njia ya kuwatoa watu wengi hivyo ilikuwa ziwa, na meli ileile ilikodiwa kuwaleta Kigoma, kama 600 kwa safari. Dharura ya namna hiyo haisubiri wiki za zabuni, ndiyo maana taratibu huruhusu ununuzi wa haraka kwa sharti kwamba sababu zake ziandikwe.

Kwa miaka mingi chakula kingi cha msaada kilitoka ng'ambo. Polepole ununuzi umesogea karibu: WFP hununua mahindi ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na kuanzia 2008 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 20 zilizojaribu mpango wa kununua kwa wakulima wadogo. Mwishoni mwa 2016 baadhi ya wakimbizi wa Nyarugusu walianza kupewa fedha wanunue wenyewe, lakini utaratibu huo ulisitishwa na serikali mwaka 2017.

Kwa mfanyabiashara wa Kigoma, kikwazo kikubwa ni mtaji. Zabuni ya maelfu ya magunia humtaka anunue, asafirishe na angoje malipo, jambo ambalo kampuni kubwa ya Dar es Salaam hulimudu kwa urahisi zaidi. Zabuni inapogawanywa katika mafungu madogo na kutangazwa Kigoma kwenyewe, mwenye lori moja au boti moja naye hupata nafasi ya kushindana.